Nani Azime Taa ya Bi. Somoe?

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, maana wengine wenu mlikuwa mmeshazaliwa na simu mnazo mkononi, palikuwa na mji huko kusini ukiitwa Namichenje. Haukuwa mji mkubwa wa kupotea ndani yake, wala mdogo wa kujuana mpaka ndoto. Ulikuwa wa kadiri. Ulikaa kando ya mto Lutandi, pale mto unapokunja kiwiko kabla ya kuendelea na safari zake.

Sogeeni basi. Leo nina taa moja na watu watatu wanaoigombea. Hawagombei kuiwasha. Wanagombea kuizima.

Mji ule ulikuwa na ada yake. Magharibi ikiingia, kila nyumba ilitundika taa kibarazani, ikatazama mtoni. Taa ikiwaka, maana yake wenyewe wamo na ni wazima. Isipowaka, majirani hawakungoja kuitwa; walikuja mbio, ndala mkononi, "Hodi! Kuna nini humu?" Na mwenye nyumba akifa, taa yake iliachwa iwake mpaka jeneza liwe tayari kutoka. Hapo mtu mmoja, mmoja tu, aliisogelea akaizima kwa mkono wake. Huyo ndiye aliyeitwa mtu wake. Aliichukua ile taa nyumbani kwake, akaiwasha kila jioni mpaka arobaini ipite. Haikuwa lazima awe ndugu. Alikuwa yule aliyekuwa naye. Na aliyekosa wa kumzimia taa, walisema amekwenda bila mtu. Neno hilo watu wa Namichenje waliliogopa kuliko kaburi lenyewe.

Kisha maisha yakawa mazuri. Mazuri kweli, sifanyi kejeli. Barabara zikatiwa lami. Maji yakaingia bombani, kila nyumba na koki yake. Hospitali ikapata vitanda, soko likapata paa, na kando ya mto pakapandwa maua na kuwekwa viti vya kupumzikia. Wastaafu wakahamia kutoka kaskazini, kila mmoja akajenga nyumba na ukuta wake na geti lake. Pale mji unapoanza pakasimikwa bango: Karibu Namichenje, Mji wa Maisha Bora. Mwenyekiti wa mtaa, Bwana Ngaunje, alilifuta vumbi kwa leso yake mwenyewe. Mimi nililala kule mara moja, nikaoga maji ya moto, nikasema, jamani, kumbe watu wanaishi!

Sasa palikuwa na mjane mmoja, Bi. Somoe, nyumba yake pale pale kwenye kiwiko cha mto. Mwanawe wa pekee, Mfaume, alikuwa na kazi nzuri katika mji mkubwa, huko mbali. Mtoto yule alimpenda mama yake, na hili mlishike, maana mtataka kulisahau. Alivunja nyumba ya udongo akamjengea ya matofali. Akamtilia vigae chini, vinang'aa mpaka unajiona uso. Akamwekea maji ndani.

Bi. Somoe akashukuru, akaomba dua, na kesho yake akachukua ndoo tupu akaenda kukaa pale palipokuwa na kioski cha maji cha zamani. Kioski kilikuwa kimefungwa. Foleni ile ilikuwa na matusi, mnaikumbuka nyinyi wa makamo, ndoo zikipigwa mateke na watu wakisutana. Lakini ilikuwa na watu. Bi. Somoe aliigeuza ndoo, akaikalia, akangoja kidogo, akarudi nyumbani. Kesho yake akaenda tena. Watu waliopita na magari yao wakamwona, na habari ikamfikia Mfaume.

"Mama," alimwambia kwenye simu, "maji unayo ndani. Watu wanasema akili imekuruka. Unanitia aibu, mama."

"Basi, mwanangu," alisema Bi. Somoe. "Siendi tena."

Na hakwenda tena. Inaniuma kila ninapofika hapa, lakini tuendelee.

Likabaki jambo moja tu la kumtoa ndani, nalo ni taa. Kila jioni alisafisha chemli yake, akakata utambi, akaitundika kibarazani. Mfaume alipokuja likizo akamwona anapanda kigoda kwa magoti yale mabovu. Akasema, haiwezekani. Akaleta taa ya kisasa, yenye jicho lake la kuona giza: magharibi inajiwasha, alfajiri inajizima, na kitufe kipo chini kwa anayetaka kuizima mwenyewe. Ile chemli ya zamani akaichukua kwenda nayo, akaitundika sebuleni kwake iwe pambo. Wageni wakaisifu.

Msicheke. Taa ya namna hiyo ilikuwa kwenye kila nyumba ya Namichenje kabla mwaka haujaisha. Na ada ikabaki ile ile: taa ikiwaka, wamo na ni wazima. Hakuna aliyekaa chini akajiuliza.

Upande wa pili wa ukuta, uliojengwa pamoja na nyumba mpya, alikaa jirani yake, Esha, mama wa watoto, mwanamke mwenye mkono wazi. Kila adhuhuri alipakua sahani moja ya ziada akaiweka juu ya ukuta. "Bi mkubwa, chakula hicho!" Na kutoka upande wa pili, "Ahsante, mwanangu!" Jioni sahani ilirudi pale pale juu, imeoshwa, na ndani yake jani la mchaichai. Esha alikuwa hajaingia nyumba ile tangu ukuta ujengwe. Geti lilikuwa mbali, mpaka uzunguke.

Na mtoni palikuwa na Nahodha Chikopa, mwendesha pantoni, mtu wa ng'ambo ya pili. Siku za nyuma ukungu ulipomfunika, taa ya Bi. Somoe ndiyo iliyomwonyesha kiwiko kilipo. Alipiga honi kushukuru. Yule mama akaichukua kanga yake akaifunika taa, akaifunua. Toka siku hiyo ikawa desturi yao: kila safari ya mwisho ya jioni, honi moja, na taa inapotea, inarudi. Taa ilipobadilika, kanga haikubadilika. Hawakupata kuzungumza hata siku moja. Nahodha hakujua hata jina lake. Yeye na wenzake pale pantonini walimwita Bi Taa.

Ikafika siku moja Bi. Somoe akateleza kwenye vile vigae, nyonga ikavunjika, akashindwa kuinuka.

Esha akaweka sahani ukutani, akaita, kimya. Akasema, mama anaswali. Jioni akaikuta sahani tupu, ila haikuoshwa, na mchaichai haumo. Paka walikuwa wamekula. Esha akasema, amechoka leo. Kesho yake ikawa vile vile, naye akasema vile vile.

Mfaume akapiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena, wapi. Akamwandikia Esha: "Dada, mama mzima?" Esha akachungulia juu ya ukuta, taa hiyo inawaka. Akajibu: "Mzima, taa yake inawaka." Mfaume akashusha pumzi, akalala.

Nahodha akapiga honi. Taa haikupotea. Ikawaka tu, wima, kama jicho lisilopepesa. Jioni ya kwanza akasema, amelala mapema. Jioni ya pili akasema, labda amenichoka, mtu mzima naye na mchezo wa kitoto. Jioni ya tatu akapiga, akapiga tena, kisha akaigeuza pantoni na abiria wake wote, huyu akimtukana na huyu akimtukana, akaitia ukingoni pasipo na gati. Akaruka kwenye tope, akapanda, akavunja mlango.

Alichelewa. Muuguzi alipokuja kumtazama maiti alisema maneno ambayo hakuna aliyeyataka: "Huyu mama alikuwa hai mpaka jana."

Kesho yake watu wakajaa. Mji wa maisha bora, gari zilipangana mpaka barabara kuu. Mfaume alifika alasiri, macho mekundu, amekuja na ile chemli mkononi, ameifunga kwenye shati. Jeneza likawa tayari. Lakini taa mchana haiwaki, hata uipige kofi, na taa isiyowaka haizimwi. Mwenyekiti Ngaunje akasema, "Tungoje magharibi. Ikijiwasha, mtu wake aizime, tuondoke. Ila niambieni mapema, mtu wake ni nani?"

Mfaume akasimama. "Mwenyekiti, swali hilo linanidhalilisha. Mimi ndiye mwanawe. Mimi nilimjengea, mimi nilimtilia maji, mimi nilimpigia simu kila jioni ya Mungu. Sikukaa naye, kweli. Ningekaa naye, nyumba hii ingetoka wapi? Kila nilichofanya nilikifanya asichoke. Nani alimfanyia zaidi yangu?"

Esha akamjibu na kanga mdomoni. "Pole, kaka yangu. Ulimfanyia asichoke, akachoka kwa kukaa. Mimi ndiye niliyemlisha. Amekula kwa mkono wangu kuliko wako. Sauti yake mara ya mwisho kuitika watu duniani iliniitikia mimi."

"Na ukaniandikia ni mzima!"

"Nilikuandikia taa inawaka! Taa nani aliileta?"

Watu wakainamisha vichwa. Nahodha Chikopa alikuwa amekaa pembeni kabisa, suruali bado ina tope la jana. Mwenyekiti akamwita, "Nahodha, nasikia na wewe unaomba."

"Naomba, mwenyekiti."

"Wewe ni nani wake?"

"Si mtu wake kwa damu, wala si jirani. Jina lake nimelisikia leo asubuhi, likitangazwa msikitini." Akasimama. "Lakini nyinyi nyote mliitazama taa. Mimi nilikuwa namtazama yeye. Taa yake ilipoacha kunijibu, nilijua."

Esha akageuka kama aliyechomwa. "Ulijua lini, nahodha?"

Nahodha akalitazama tope la suruali yake.

"Nakuuliza kwa heshima. Ulijua lini? Sisi tulidanganywa na taa. Wewe haikukudanganya. Ilikuambia jioni ya kwanza, na alikuwa hai."

"Ningepanda kwenye baraza la mjane, mimi mume wa mtu, nimwambie nini?" alisema nahodha. "Nimwambie, mama, jana hukunifunikia taa? Nilikuwa mgeni, dada yangu. Niliona haya."

"Mimi sikuwa mgeni," Esha alisema polepole, kama anajiambia mwenyewe. "Mimi nilikuwa na geti tu la kuzunguka."

Mfaume akainama juu ya chemli yake, akalia kwa sauti, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Alipoweza kusema alisema, "Nipeni mimi niizime. Mkinikatalia, mama yangu amekufa bila mtu, na mimi niko hapa nimesimama."

"Akiizima yeye," alisema Esha, "kesho watapanda ndege, yeye na taa. Nani ataiwasha hapa kwa arobaini? Sebuleni?"

"Akiizima dada Esha," alisema nahodha, "ataiona kila siku juu ya ukuta, kama alivyoiona."

"Na ukiizima wewe," alisema Mfaume, "watu watauliza, huyu aliyezimiwa taa na mtu asiyemjua jina, hakuwa na mtoto? Hakuwa na jirani?"

Bwana Ngaunje alitoa ile leso yake akaifutia uso. Jua lilikuwa limeshashuka nyuma ya maua ya ukingoni. Viti vile vizuri vya kupumzikia vilikuwa vitupu, kama kawaida. Hapo taa ya Bi. Somoe ikajiwasha.

Hakuna aliyeigusa. Iliwaka juu ya vichwa vyao, ikasema kama ilivyosema jioni zile zote: yumo, mzima.

Na mtoni pantoni ikawa inakata kiwiko. Siku hiyo iliendeshwa na kijana wa nahodha, naye alichojua ni kwamba pale hupigwa honi. Akapiga. Sauti ikapanda ukingoni, ikawapita watu, ikaingia mpaka ndani kwenye vigae.

Mfaume akaangalia kanga ya mama yake, iliyotundikwa msumarini. Esha akaiangalia. Nahodha naye akaiangalia. Wote watatu wakanyoosha mkono, na wote watatu wakausimamisha mkono hewani.

Hapo ndipo nilipowaacha. Jeneza lipo mlangoni, taa inawaka, honi imeshalia, na mtoni wanangoja jibu. Aliyempa kila kitu ila yeye mwenyewe. Aliyemlisha asiingie ndani mwake. Aliyemjua asimjue jina, akaona haya wakati wa kwenda kumwona. Mmoja lazima aizime, la sivyo Bi. Somoe amekwenda bila mtu katika mji wenye kila kitu. Nimechoka kuibeba peke yangu, nawaachia nyinyi mnaorudi sasa hivi kwenye nyumba zenye taa.

Je, nani alistahili kuizima?