Alama ya Chokaa kwenye Ghala la Mtemi Kifaru

Hapo zamani za kale, wanangu, kabla Kifaru hajajifunza kutamka "nimekosea", mvua iligoma misimu miwili mfululizo. Mtemi wa nchi alikuwa Kifaru mwenyewe: mwili kama kilima, macho hayaoni mbali zaidi ya pua yake.

Mpiga mbiu wake alikuwa Bi Pimbi. Kadogo! Ukimsimamisha kando ya kwato ya Mtemi, humwoni. Lakini akipuliza baragumu, puuu! Nchi nzima inatoka nje.

Kila juma Mtemi alimtuma neno lile lile: "Waambie ghala limejaa. Wasiwe na wasiwasi."

Bi Pimbi akitangaza, wanyama huja mbio na vikapu viwili viwili. Walioamini walichota mtama ili washibe. Wasioamini walichota ili wafiche. Siku moja Bi Pimbi akachungulia ghalani. Lo! Vikapu kumi na viwili tu! Akawakumbuka wanawe wanne nyumbani.

Akaenda kwa Mtemi.

"Shikamoo, Mtemi. Mtama unakwisha. Waambie watu."

"Weee! Nikiwaambia watanikimbia. Nitatawala nani, mawe? Katangaze limejaa, la sivyo kwato hii itakushukia!"

Mwenye nguvu mpishe, wahenga walisema. Bi Pimbi akampisha, lakini kidogo tu.

"Sawa, Mtemi. Ila maneno wameyachoka. Si unajua desturi yetu, ghala hugongwa watu wakasikia? Ligonge kwa pembe yako, mbele yao."

"Mjinga wewe! Litalia tupu!"

"Thubutu! Upande mmoja nitashindilia mchanga ndani, nje nipake alama ya chokaa. Wewe gonga penye alama tu."

Kifaru akacheka, kho kho kho! "Kumbe udogo wako ni wa mwili tu!"

Kesho yake asubuhi, puuu! Wanyama wakajaa uwanjani. Kifaru akanyoosha shingo, akatafuta weupe kwa macho yake mabovu, akauona, akagonga.

Ngooo!

Ghala likalia kama mtungi usio na maji. Mchanga ulikuwa wapi? Penye alama haukuwepo hata chembe!

"Tupu!" akapayuka Ngiri. "Tumekwisha! Fungeni mizigo!"

Kifaru akamgeukia Bi Pimbi, akainua kwato. Bi Pimbi hakukimbia.

"Nikanyage ukitaka, Mtemi," akasema, "lakini ghala wamekwisha kulisikia. Limebaki neno lako tu. Liseme kabla hawajafika njia panda."

Kwato ikakaa hewani. Kisha ikashuka polepole, ikatua mavumbini.

"Jamani, nimekosea!" Kifaru akanguruma. "Vimebaki vikapu kumi na viwili. Niliwaficha kwa sababu niliogopa. Kuanzia leo kila nyumba itapimiwa kibaba, na nyumba yangu itapimiwa mwisho. Mvua itakuja lini, sijui. Lakini kila juma nitasimama hapa mimi mwenyewe, niwaambie kilichobaki."

Ah, hapo ndipo ninapompenda Kifaru! Jitu zima, mbele ya watu wake, na halikumsingizia mtu.

Ngiri akatua mzigo wake, akajikuna pua.

"Mimi... nimefukia vikapu sita nyumbani. Kila uliposema tusiwe na wasiwasi, wasiwasi ulinizidi."

"Mimi vinne," akasema Nungunungu, macho chini.

"Na mimi vitatu!" akaitika Swala.

Mpaka jua linapinda, mtama ulikuwa unarudi kwa vichwa na migongo. Ghala likagongwa tena. Dufu! Halikujaa, lakini liliwafikisha mpaka mvua za vuli, na hakuna nyumba iliyozika mtoto.

Siku mvua ilipoanza, Kifaru akamwita mpiga mbiu wake.

"Bi Pimbi, ile chokaa uliipaka upande wenye mchanga kweli?"

"Nisamehe, Mtemi. Siku ile hata mimi macho yalinisumbua."

Kho kho kho! Kifaru akacheka hadi machozi yakamtoka.

Nami nawaachia hapo, wanangu, wakicheka mvuani: njaa ikitajwa hugawanywa, ikifichwa humla kila mtu peke yake.