Ua la Kiatu la Mwanasiti

Sogeeni, niwape ya Mwanasiti. Mkunga wake, Bi Shufaa, ndiye aliyemwambia kwanza: zimwi limeiba sauti ya mwanao, nayo itarudi siku ua la kiatu, lile la okidi lenye umbo kama kiatu, litakapochanua nyumbani kwako.

Mche wa kwanza aliumwagilia kila siku, ukaoza. Wa pili akauzidishia maji, ukaoza. Wa tatu ulikaa miaka mitatu bila hata tumba.

Zimwi likaja dirishani kumcheka. “Mama wee, huoni mche una kiu? Upe maji!”

“Nimechoka,” akajibu Mwanasiti. “Kayanywe wewe.”

Akalala wiki nzima bila kugusa kata ya maji. Kumbe mizizi ilitaka kupumua tu. Ua likachanua, zimwi likapasuka kwa hasira.

Kesho yake asubuhi mtoto aliongea bila kunyamaza, na Mwanasiti akajifunika shuka, akamsikiliza.