Sala ya Matawi Mabichi

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mmelala? Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale palikuwa na chemchemi. Maji yake baridi, matamu, yakitoka chini ya miti, mguuni pa kilima, chururu, chururu. Wanyama wote walikunywa hapo. Na kila siku ya saba walimshukuru Mungu kwa maji hayo.

Walishukuruje? Kila mnyama alivunja tawi bichi kwenye miti ya chemchemi, akalipunga, akaliweka mbele ya Beberu. Beberu ndiye aliyewasalisha, kwa sababu ya ndevu.

"Tawi la juzi halimfai Mungu," aliwaambia. "Leteni bichi!"

"Amina!" aliitikia Ngedere, mpanda miti, na miti ikalia ka! ka! ka!

Sala ikiisha, wote walikwenda zao. Vijiti vya Mungu vilibaki. Majani sijui aliyala nani, ila Beberu alikuwa akinenepa.

Miti ikapungua. Jua likapenya. Maji yakapungua. Chururu ikawa chu... chu...

Bi Chura aliishi mle majini na viluwiluwi wake mia mbili na kumi na wanne. Viluwiluwi hawana miguu. Maji yakikauka, hawana pa kukimbilia. Akamwendea Beberu.

"Mzee Beberu, miti ndiyo inayofunika maji. Tuache kuivunja."

"Bi Chura, imani yako fupi kama mkia wako!"

Wanyama wakacheka, kwe kwe kwe!

"Maji yanapungua kwa sababu tunashukuru kidogo," Beberu akasema. "Safari hii kila mmoja alete matawi mawili!"

"Amina!" Ka! ka! ka!

Sala iliyofuata, matatu. Iliyofuata, manne.

Ukabaki mti mmoja tu, mkuyu mzee wa ukingoni. Beberu akatangaza sala kuu ya mvua. Wote wakaja. Ngedere akatemea mate viganja, tayari kupanda. Bi Chura akaruka, pwa! Akajibandika kwenye shina, kifua kikimpanda na kushuka.

"Mzee, ukipewa mtungi, ukautoboa, kisha ukaomba maji, utatiliwa wapi?"

"Usimfundishe Mungu kazi!"

"Simfundishi yeye. Nakufundisha wewe."

Lo! Hapo hapo radi ikapiga. Gudu-gudu-gudu! Mvua!

"Tumejibiwa!" Wakakimbia makwao wakiimba, mkuyu wakausahau.

Kweli walijibiwa. Mvua ilinyesha siku tatu. Lakini kilima kilikuwa uchi. Maji yakateremka na udongo wote, porooo! Yakaizika chemchemi kwa tope. Bi Chura aliwahamisha watoto kwa mdomo, wachache wachache, hadi kwenye kidimbwi katikati ya mizizi ya mkuyu. Mvua ilipokatika akawahesabu. Mia moja na tisa. Akahesabu tena. Mia moja na tisa.

Jua likarudi. Kilima kizima kikakauka. Maji yakabaki pale penye mizizi ya mkuyu tu. Wanyama wakaja, ndimi nje, Beberu mbele.

"Bi Chura, dada yangu, tumekuja kushukuru."

"Karibuni. Chimbeni mashimo."

"Mashimo ya nini tena?"

"Ya kupanda miti. Anayechimba ndiye anayekunywa."

Ngedere alitazama huku na huku, akaanza kukwangua ardhi. Wengine wakafuata. Mwishowe Beberu akainamisha pembe, akachimba. Kwenye shimo la tano akasimama, jasho likitiririka ndevuni, akainua macho mbinguni.

"Mungu ni mwema!"

"Mwema sana," akasema Bi Chura. "Shimo la sita lile pale."

Basi, wakubwa kwa wadogo, anayemshukuru Mungu kwa zawadi huku akiiharibu, anamdhihaki. Mungu huombwa kwa mdomo na kwa mikono.

Hadithi yangu imeishia hapo. Anayetaka kuitikia amina, aitikie akiwa na mche mkononi.