Soga Mdomoni, Ungo Mapajani

"Soga mdomoni, ungo mapajani." Mmelisikia neno hilo leo jikoni, mkacheka, mkauliza limetoka wapi. Haya, sogeeni, na kila mmoja ashike fungu lake la mbaazi, maana neno hilo lina mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na mtaa wake na mume wake. Methali hii ilizaliwa hivi.

Huko Muheza palikuwa na mwanamke akiitwa Mwantumu. Alikuwa mtu wa kuja. Ndugu zake wote aliwaacha Kilwa alipoolewa na Mhina, na kwa kuwa hakuwa na dada wala shangazi wa kumpigia hodi, majirani ndio aliowafanya ndugu. Uani kwake hapakukosa watu. Nani kaposwa, nani karudishwa kwao, nani kanunua godoro na kitanda hana: habari za mtaa zilipitia kwanza kwa Mwantumu, zikakaa mkekani, zikanywa chai, ndipo zikaendelea na safari yake.

Tabu ilikuwa kwenye chungu cha kupikia. Soga zikinoga, mchele hukaa na mawe yake, nazi na kifuu chake, kunde na maganda yake. Na Mhina alikuwa mlinzi wa usiku kwenye kiwanda cha mkonge. Lori la kuwachukua walinzi lilipita kabla ya magharibi, likapiga honi, na asiyekuwa barabarani akaachwa. Wiki ile alikuwa ameondoka na njaa zaidi ya mara moja.

"Mke wangu," alisema asubuhi moja, bila kupandisha sauti, "mimi sina ugomvi na mashoga zako. Mwenye ugomvi nao ni tumbo langu. Usiku kucha linanguruma hata mwizi akija atadhani nimekuja na mbwa. Leo lori likinikuta sijala, kuanzia kesho mlango wa uani unafungwa. Haingii mtu."

Angefoka, Mwantumu angemjibu. Lakini alisema kwa upole, na upole hauna jibu. Baada ya adhuhuri Mwantumu akaukaza mlango wa uani kwa mchi, akakaa peke yake na ungo.

Wallahi, mchele wa peke yako una mawe mengi! Kila kicheko kilichovuka ua kilimwinua kichwa, vidole vikapotea njia, akaanza upya. Nazi haijaguswa. Kunde hazijaguswa. Kivuli cha ukuta kinatambaa tu.

"Hodi."

Sauti ilikuwa ya Siwema, binti wa nyumba ya pili, aliyeolewa mwaka ule ule na kuachwa peke yake mume alipokwenda Mombasa kutafuta kazi.

"Mwanangu, leo sina nafasi. Nisamehe."

"Haya, mama. Nilitaka tu kusema na mtu. Ameoa mwingine huko Mombasa. Nimeambiwa sokoni, mbele ya watu."

Mwantumu akautazama ungo, akautazama mlango. Akifungua, chakula kitachelewa, na kesho mlango utafungwa kwa watu wote. Asipofungua, mtoto wa watu atakwenda kuzililia kuta. Akauondoa mchi.

"Kaa hapa," alisema, akamwekea ungo mapajani kabla hajafuta machozi. "Sema yote, usibakize. Mdomo ni wako. Vidole naviazima."

Siwema akasema. Kwanza kwa shida, macho chini kwenye mchele, kisha kila jiwe alilolitupa likatoka na neno lake. Mwantumu akimenya kunde huku akiitikia, "Ehee... Lahaula... na wewe ukamjibuje?" Hakuona hata kunde zilipoisha.

Mara juu ya ua kikatokeza kichwa cha Zuhura, ambaye habari haikuwahi kumpita. "Nasikia kilio au nasikia kitunguu?"

"Ingia, lakini mbuzi ya nazi inakungoja."

"Mimi? Mgeni?"

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe unaingia hapa tangu mvua za mwaka juzi. Nimekuhurumia, nimekupa mbuzi."

Zuhura akaikalia mbuzi, akaikuna ile nazi kama ndiyo yule mwanamume wa Mombasa. Kila alipotajwa, nazi iliyokunwa ilimwagika kwa fujo. Siwema alipokwama, mikono ikasita, Mwantumu akamgusa goti. "Taratibu, mwanangu. Soga mdomoni, ungo mapajani."

Mhina aliporudi kujitayarisha kwenda kazini, alizisikia sauti kutoka mlangoni, mabega yakamshuka. Akachukua rungu na koti. "Nimeelewa," akasema, akageuka.

"Umeelewa nini na hujanawa?" mkewe akamwita.

Wali wa nazi ulikuwa unafuka moshi, na kunde pembeni. Mhina akala, akaongezwa, akala tena. Honi bado. Kwa mara ya kwanza alikaa uani kwake hana haraka, akasikia habari ya Siwema tangu mwanzo.

"Kesho nikishuka zamu nitakwenda kwa wakwe zako," alimwambia binti. "Jambo hili halitakuwa lako peke yako." Kisha akamgeukia mkewe. "Na ule mlango..."

"Mlango je?" akadakia Zuhura.

"Uacheni wazi. Ila msinikalishe bure. Nipeni hata vitunguu saumu."

Lori lilipopiga honi alitoka mbio, kitunguu saumu mkononi, akikimenya njiani.

Miaka baadaye Siwema alikuwa akisema, "Siku ile ningetazamwa usoni, nisingesema neno. Mchele ulinisitiri." Naye ndiye aliyeisambaza kauli ile mtaa hadi mtaa, mpaka ikafika jikoni kwetu.

Sasa tazameni mapajani mwenu. Kikapu kizima cha mbaazi mmekwisha kukimenya, na hakuna aliyelalamika. Lete chungu, mjukuu wangu. Soga mdomoni, ungo mapajani.