Sultani Aliyependa Kusifu Vitu vya Watu

Hapo zamani, watu walipokuwa bado wanaogopa kuitwa wachoyo, alikuwako katika mji wa Kidurini sultani mmoja jina lake Badrudini, na sultani huyu hakuwa mwizi. Hilo nalitanguliza mapema, maana wako watu wenye midomo. Badrudini hakupora hata kuku, alisifu tu. Na mila ya Kidurini ilikuwa hivi: mtu akikisifu kitu chako, nawe ni mwungwana, humjibu, "Karibu, ni chako." Naye hucheka, husema kikae kwa mwenyewe, mambo yakaishia hapo. Lakini Sultani akiambiwa ni chake, hukitwaa. Akasifu mbuzi wa huyu, akasifu zulia la yule, na watumishi wakawa nyuma yake na kamba. Ikawa akisikiwa anapita mtaani, wanawake hupaka sufuria zao masizi na kugeuza mikeka upande mbaya.

Basi siku moja akafika kwake nahodha wa Kiingereza, mkononi ana bakora ya kichwa cha fedha. Sultani akaisifu. Nahodha akatabasamu, akasema, "Thenkyu." Sultani akaisifu tena kwa sauti kubwa zaidi, huenda mgeni ana uziwi. Nahodha akarudia neno lake lile lile, akaaga, akaenda zake na bakora yake. Sultani akamgeukia mkalimani, na mkalimani akamweleza kuwa neno lile ni ahsante tu. Kwao Waingereza mtu akisifiwa kitu hushukuru, na kitu hubaki na mwenyewe.

Kwanza Sultani alichukia, akaona watu hawa hawakulelewa. Kisha akamkumbuka farasi wake mweupe, ambaye kila mgeni mkubwa akija humkodolea macho, na Sultani akafurahi kupita kiasi. Jioni ile mpiga mbiu akapita na amri, kwamba ndani ya nyumba ya Sultani kila asifiwaye kitu atajibu Kiingereza, "Thenkyu," na kitu hakitoki mkononi mwake. Penginepo pote, watu washike mila ya wazee wao. Naam, mila ni kitu kizuri, hasa ikishikwa na wengine.

Sasa katika mji huo alikuwako Ngwali, mshona mikeka, fukara hohehahe, ambaye watu walimwita punguani kwa kuwa akiambiwa neno hulifuata kama lilivyo. Mkewe alikuwa amefariki, akamwachia binti mmoja, Mize, na kitanda kimoja cha msaji chenye nakshi. Mize ameposwa, harusi ni Ijumaa, na mama wa bwana harusi amekwisha kusema wazi kuwa bibi harusi aje na kitanda, na akikosa kitanda abaki kwao. Kwa hiyo kupotea kwa kitanda kulikuwa ndiko kuvunjika kwa ndoa.

Alhamisi akaja mjumbe kusema kuwa Sultani yuko njiani kuleta pongezi zake. Mize aliposikia, akakaa chini akalia, kwani alimpenda mchumba wake. Majirani wakamshauri Ngwali akifunike kitanda kwa magunia, ama aseme kina kunguni. Ngwali mwenyewe alikuwa na hofu, lakini hakufanya hata moja katika hayo. Alifagia ukumbi, akamwita kadhi na wazee wa mtaa waje wampokee mgeni pamoja naye, kisha akasimama mlangoni.

Sultani alipofika, Ngwali akainama akasema, "Karibu, bwana wangu. Nyumba hii ni yako."

Sultani akasema amekaribia, na macho yake yamekwisha kuingia ndani. Ngwali hakupisha njia. Akamwomba, kwa unyenyekevu mwingi, aseme kwamba ameipokea, ili moyo wa fukara utulie.

"Nimeipokea, Ngwali, nimeipokea," akasema Sultani, akapita.

Akakiendea kitanda moja kwa moja, akapitisha kiganja juu ya nakshi, akasema hajapata kuona kitanda kizuri kama kile. Watumishi wakakunjua kamba. Nyuma ya pazia Mize akajifunika uso.

"Thenkyu," akasema Ngwali.

Sultani akamwuliza kama amerukwa na akili, au mila ya mji haijui.

"Naijua, bwana wangu, na amri yako naijua. Ndani ya nyumba ya Sultani hujibiwa Kiingereza. Nyumba nimekupa pale mlangoni, ukaipokea, na kadhi amesikia."

"Hayo ni maneno ya kumkaribishia mgeni tu," akasema Sultani. "Nani huyashika?"

"Ikiwa 'nyumba ni yako' ni maneno ya adabu tu, basi na 'ni chako' ni maneno ya adabu tu, na wale mbuzi na yale mazulia yarudi kwa wenyewe. Na ikiwa neno la mwungwana hushikwa, nyumba ni yako. Chagua, bwana, sisi raia tutafuata."

Kadhi akakohoa kikohozi kirefu. Wazee wakatazamana, kila mmoja na zulia lake moyoni. Sultani akaifikiria ghala yake iliyojaa hadi darini, akasema kwa uchungu kwamba neno hushikwa.

"Alhamdulillahi," akasema Ngwali. "Basi kesho binti anaolewa kutoka nyumbani kwako, na karamu ya harusi ni juu ya mwenye nyumba. Na paa linavuja, bwana, upande ule wanakokaa wageni."

Sultani akamtazama kadhi, kadhi akatikisa kichwa kukubali kuwa ndiyo sheria. Hapo Sultani akacheka, akacheka hata kilemba kikalegea. Wengine wasema alicheka kwa kuwa kulia mbele ya raia ni aibu. Ng'ombe wakachinjwa, paa likaezekwa usiku kucha, na Mize akaenda kwa mumewe na kitanda chake, vigelegele vikimsindikiza.

Tangu siku ile, kila Sultani akipita mtaani, watu hutoka milangoni, wenye kuta zilizobomoka na wenye mabinti wa kuozwa, wakamwita kwa mapenzi makubwa, "Karibu, bwana, nyumba ni yako." Naye hujibu kutoka katikati ya njia, wala hasimami, kwamba amekwisha kula, ana haraka, na nyumba njema kama ile ikae kwa mwenyewe.