Diski za Eliaichi na Kiti cha Pili

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, ni zamani ya karibu ambayo vumbi lake halijatua, paliondokea mwanamke mmoja jina lake Eliaichi. Aliishi kwenye mteremko wa Kilimanjaro, katika nyumba aliyojenga na mumewe, Ndesario. Mungu hakuwapa mtoto. Aliwapa gari.

Lilikuwa gari jekundu la michezo, fupi kwa kimo, lenye viti viwili tu. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wenye magari ya namna hiyo walikutana kwenye uwanja wa ndege wa zamani, katikati ya mashamba ya mkonge yaliyoachwa, wakazunguka kwa kasi ambayo barabarani ingewafikisha mahakamani. Ndesario aliendesha. Eliaichi alikaa kiti cha pili na kumtajia kona kabla hazijafika. "Kulia, kali. Sasa achia." Watu walisema wale wawili nyumbani hawana la kuzungumza, wamelimaliza lote garini.

Ndesario akaugua figo, akafa. Watu walikuja, wakalia, wakala, wakaondoka. Eliaichi akabaki na nyumba ambayo sufuria yake ndogo kuliko zote ilikuwa kubwa mno kwa ndizi za mtu mmoja. Akakaa hivyo mpaka watu wakaacha hata kumpa pole.

Jumamosi moja alichukua funguo, akaingia kiti cha dereva, akashuka uwanjani. Akaendesha vizuri. Hakuwapo wa kumtajia kona, akazitaja mwenyewe, kwa sauti, ndani ya helmeti. "Kulia, kali. Sasa achia." Jioni akarudi nyumbani, akafungua mlango mwenyewe, akaufunga mwenyewe.

Ikawa ndiyo desturi yake. Mwezi mzima alingoja ile Jumamosi, kwa sababu ndiyo siku pekee watu walimwita kwa jina.

Sasa, Ndesario alikuwa na mdogo wake, Aminiel, fundi wa kushona nguo za wanaume. Huyu hakupenda mbio, lakini alikwenda uwanjani kumwangalia shemeji yake kwa mbali. Siku moja aliona jambo. Eliaichi aliposimamisha gari, Aminiel akaja, akachuchumaa karibu na gurudumu la mbele, akachungulia.

"Shemeji, toka kwanza."

"Nina mizunguko bado."

"Kila ukikanyaga breki, pua ya gari inatetemeka. Njoo utazame."

Akatazama. Diski ya breki, ile sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu na kubanwa ili gari lisimame, ilikuwa na ufa toka katikati mpaka ukingoni.

"Nitakwenda polepole," Eliaichi akasema.

"Wewe? Polepole?" Aminiel akatia mkono dirishani, akachomoa funguo, akazitumbukiza mfukoni. "Utazipata ukiwa na diski mpya."

Eliaichi alikasirika mno. Alirudishwa nyumbani na gari la kukodi, akafungua mlango mwenyewe, akaufunga mwenyewe, na wiki zile hakupokea simu ya Aminiel. Hakuna mwingine aliyekuwa akimpigia, kwa hiyo simu yake ikawa ya bure.

Aminiel hakukata tamaa. Alipanda basi mpaka Nairobi, akarudi na diski mbili amezifunga kwa blanketi. Zilikuwa zimetobolewa matundu kote kama chujio la nazi, zinang'aa.

"Ndizo kaka alizozitaka," akasema. "Alipokuwa mgonjwa kitandani, alinionyesha picha ya diski hizi."

Ilikuwa kweli. Eliaichi aliijua picha ile. Akapitisha kidole juu ya matundu, moja baada ya jingine, na hasira yote ikamtoka.

Kumbe habari ilikwishamfikia Hamduni. Huyu alikuwa mpinzani wa Ndesario tangu ujana, na mtu pekee upande ule mwenye gari la aina ileile. Walishindana miaka na miaka, na hawakuwahi kula meza moja. Akaja nyumbani kwa Eliaichi kwa mara ya kwanza, akavua kofia, akaziangalia zile diski.

"Bi Eliaichi, hizi ni nzuri. Ni za kutembelea mjini."

"Uwanjani zina nini?"

"Uwanjani breki zinawaka. Chuma kinapata moto, kinapoa, kinapata moto, kinapoa, na ufa huanzia kwenye tundu. Ukifika tundu la pili huna diski tena. Tafuta nzima, nene, zisizo na urembo."

"Nitazipata wapi? Za gari letu hazitengenezwi tena."

Hamduni akaigeuzageuza kofia yake. "Ninazo. Nilijiwekea za msimu huu."

"Na wewe utatumia zipi?"

"Mimi nitatazama."

Kesho yake akazileta. Eliaichi akaziweka zote mezani, hizi za ndoto ya marehemu, zile za mshindani wa marehemu. Akazizunguka mchana kutwa. Akala amesimama. "Ulizitaka hizi," akamwambia Ndesario kana kwamba yupo. Alijua kuwa akizikataa, atakuwa amemkatalia ombi la mwisho. Alijua pia kwamba Ndesario hakuwahi kuendesha na ufa.

Akachagua nzima. Aminiel alipoambiwa alisema, "Sawa, shemeji," akazifunga diski zake za matundu ndani ya blanketi na kuondoka. Lakini funguo aliziacha mezani.

Gari likapelekwa kwa Tausi, mwanamke mwenye gereji kule Himo. Akazifunga diski na pedi mpya, vile vibao vinavyozibana, asubuhi moja. Eliaichi akanyoosha mkono apewe gari, maana Jumamosi ilikuwa kesho.

"Bado, mama," Tausi akasema. "Diski na pedi hazijajuana. Ukizichoma kwa pupa siku ya kwanza, siku ya haja zitakukana."

"Kwa hiyo nikose Jumamosi?"

"Ukose."

Jumamosi ikapita. Tausi alikuwa akifunga gereji yake alasiri, analipandisha gari mlimani na kuliteremsha, anakanyaga breki kidogo, anaziacha zipoe, anakanyaga zaidi, anaziacha zipoe. Njia yake ilipita mlangoni kwa Eliaichi, na kila jioni aliitwa ale. Naye aliishi peke yake, chumba cha kupanga nyuma ya gereji. Siku hizo ile sufuria ikawa haitoshi.

Siku ya uwanja ya mwezi uliofuata ikafika. Eliaichi alikuwa kwenye sehemu ndefu iliyonyooka, mguu umezama kwenye mafuta, alipoona gari lililo mbele yake likizunguka kama pia, likasimama limekingama njia. Ndani yake dereva mgeni alikuwa anahangaika na mkanda. Pembeni kulia ukuta, kushoto watazamaji. Hapakuwa na pa kukwepea. Eliaichi akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Gari likalia, likainama, likanuka chuma cha moto, lakini halikutetemeka. Likasimama karibu kiasi kwamba aliyaona macho ya yule kijana, na pete ya ndoa kidoleni mwake.

Akabaki ameshika usukani. Hakukuwa na mtu wa kumwambia, "Umepona."

Jioni ile Aminiel, Hamduni na Tausi wakaja nyumbani, na kwa mara ya kwanza mlango ulifunguliwa kwa wote watatu pamoja. Eliaichi akawaambia, "Sitaki tena kuendesha peke yangu. Msimu ujao nataka mtu wa kunitajia kona." Lakini klabu ile ina sheria: kiti cha pili ni cha mtu mmoja, msimu mzima, hakibadilishwi.

Aminiel akasema, "Mimi niliuona ufa. Nilichukua funguo ukanichukia, nikakubali kuchukiwa. Nisingeona, diski za Hamduni zingekuwa bado kabatini kwake."

Hamduni akasema, "Macho yaliona, lakini yalileta matundu. Mimi nilitoa changu, na gari langu msimu huu limelala. Sina wa kushindana naye tangu Ndesario afe. Niache angalau niwe ndani."

Tausi akasema, "Chuma ni chuma tu, mama, mpaka mtu akizoeze. Ningekupa gari siku uliyolitaka, leo tungekuwa msibani. Na mimi gari hili nimeliendesha peke yangu tu."

Eliaichi akawatazama. Kiti kile hakikuwa cha Ndesario. Kilikuwa chake yeye. Ndipo alipoketi ujana wake wote. Mwaka mzima hakuna aliyekitaka, na sasa watatu walikuwa wakikililia, na wawili lazima warudi makwao peke yao. Aminiel alikuwa ndugu pekee aliyebaki naye. Hamduni ndiye aliyemkumbuka Ndesario kuliko wote. Tausi ndiye aliyekula naye.

Usiku ule hakula peke yake, lakini hakutaja jina la mtu.

Basi nimewafikisha mlangoni, kuingia ni kwenu. Mmoja aliona, mmoja alitoa, mmoja alizoeza. Je, nani alistahili kukaa kiti cha pili?