Makopo Mawili ya Mbegu

Mtu mmoja aliuza mbegu za mahindi, na hakuwa mwizi. Jina lake Chibago. Kopo lake la kupimia halikuwa limebonyezwa kitako kama makopo ya wengine, wala hakuchanganya mbegu za mwaka huu na za mwaka juzi. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye wavu wa chuma mbele. Mnunuzi alisimama nje, mbegu zilikaa ndani.

Serikali ilikuwa imeweka kanuni. Kila mfuko wa mbegu ubebe maandishi: aina ya mbegu, mwaka ilipovunwa, uzito halisi, jina la dawa iliyotiwa ili wadudu wasiitoboe, na onyo kwamba mbegu hiyo si chakula. Chibago aliishika kanuni hiyo kwa moyo wote. Kila mfuko wake wa kilo ishirini na tano ulikuwa na karatasi yake, imeshonewa juu, haina doa. Mkaguzi alipita kila baada ya miezi mitatu, akahesabu mifuko, akahesabu karatasi, akakuta zinalingana, akaandika kwamba duka halina kosa.

Lakini watu wa pale hawakununua mifuko. Mfuko mzima ni wa mwenye shamba kubwa. Wao walinunua kwa kopo. Chibago alifungua mfuko, akachota, akamimina kwenye ukurasa wa gazeti, akaukunja. Aliyenunua mfuko alipata mbegu pamoja na maneno yake. Aliyenunua kopo alipata mbegu peke yake. Jambo hili halikufichwa, na kwa kuwa halikufichwa, hakuna aliyeliona.

Mwezi wa Desemba alikuja mwanamke aitwaye Nyemo, mjane aliyeishi na mama yake mzee. Miaka yote alipanda mbegu alizozichagua mwenyewe katika mavuno yake na kuzitundika juu ya moshi wa jiko. Mwaka ule wadudu walikuwa wamezimaliza. Aliomba makopo mawili. Chibago alipomimina, zilitoka nyekundu.

"Heh! Kaka Chibago, hizi zimepaka hina? Nimekuja kununua mbegu, unanipa bibi harusi."

"Basi lete mahari," alisema Chibago.

Watu waliokuwa wamepanga foleni wakacheka, na Nyemo akacheka nao. Hapo ndipo palipokuwa na nafasi ya neno moja. Kicheko kiliijaza nafasi hiyo, na mteja aliyefuata akasogea kwenye wavu.

Nyemo alijua kusoma. Alimaliza darasa la saba, na kanisani kwao ndiye aliyesoma matangazo. Ukurasa ule wa gazeti aliusoma wote njiani: upande mmoja habari ya mechi, upande wa pili picha ya daraja jipya na tangazo la chuo cha ushonaji. Rangi ya mbegu aliidhani ni alama ya dukani, kama rangi wanayopakwa mbuzi mnadani ili wasichanganywe.

Alipanda kopo la kwanza. Mvua ikanyesha siku nne, ikakatika. Kopo la pili aliliweka la kurudishia mashimo yasiyoota. Januari ikaisha, unga ukaisha, kunde zikabaki kibaba kimoja, na mama yake akaacha kuulizia chakula, jambo lililomtisha Nyemo kuliko kama angeulizia. Asubuhi moja akalifungua gazeti. Hakufanya kwa pupa. Aliziosha punje kwa maji manne, akazifikicha, mpaka maji ya nne yakamwagika safi na punje zikawa nyeupe kama mahindi mengine yote. Akazipika pamoja na kunde kwa saa tatu. Mama hakuwa na meno. Nyemo akamtilia mchuzi kwanza, bakuli zima, na yeye mwenyewe akangoja punje zizidi kulainika.

Kabla ya adhuhuri mama alikuwa anatapika na miguu yake inatetemeka. Jirani akampakia kwenye baiskeli hadi zahanati. Tabibu alisikiliza habari yote, kisha akauliza.

"Mbegu ilitiwa dawa gani? Dawa hizi si moja, dada yangu. Tiba ya aliyekula hii yaweza kummaliza aliyekula ile. Karatasi yake iko wapi?"

Nyemo alikuwa nayo. Aliifungua kutoka kwenye pindo la kanga, akampa. Tabibu aliitazama upande wa mechi, akaigeuza upande wa daraja, akamrudishia.

Kutoka zahanati hadi dukani ni nusu saa kwa anayekimbia. Chibago alikuwepo. Alipoelezwa, uso wake ulibadilika, lakini mkono wake ulikwenda kwenye mfuko bila kusita, kwa maana alijua mahali kila kitu kilipo.

"Mbona imeandikwa, dada," alisema. "Hii hapa, mstari wa nne, jina la dawa. Na chini yake: isiliwe na mtu wala mnyama. Imeandikwa."

"Imeandikwa kwenye mfuko wako," alisema Nyemo. "Mimi ulinipimia kopo."

Chibago alichukua wembe, akakata uzi, akaibandua karatasi, akaipitisha chini ya wavu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mnunuzi wa kopo kuishika karatasi ya duka lile. Nyemo akakimbia nayo. Tabibu aliisoma hadi mstari wa nne, akainua macho, akailaza mezani polepole. Mama alikuwa amefunikwa shuka tangu robo saa iliyopita.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya mkaguzi. Alihesabu mifuko, ikawa tisa. Alihesabu karatasi, zikawa nane. Akauliza ya tisa iko wapi. Chibago akasema amempa mteja. Mkaguzi akatikisa kichwa kwa masikitiko, kwa kuwa alimheshimu, akaandika kosa la kwanza katika miaka kumi na mmoja ya duka lile, akamgeuzia daftari atie sahihi. Chibago akatia sahihi, asitake kujieleza.

Ninyi mnaosikia, ambao katika maisha haya mlijaliwa kununua mfuko mzima, nawauliza swali moja tu: mtu huyu aliivunja kanuni siku ipi?